Muulize Fundi: Chubwi zangu zinaruka cheche

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi navua kwa mshipi hapa Kilindoni, Mafia. Mwamba unanimezea chubwi, vile vizito vya risasi vya kuzamisha mshipi, kila siku na za dukani ni ghali, basi nimeanza kumimina zangu. Nayeyusha mabamba ya betri kuukuu za gari kwenye sufuria, jikoni, halafu namimina kwenye mashimo ya mchanga wa pwani. Huruka cheche mpaka watoto wanakimbia. Nimechongesha na kalibu ya chuma, lakini humo zinatoka na makunyanzi, nyingine zinanasa. Jirani ananiambia nipake mafuta ya nazi. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nimesimama.

Hizo si cheche, ni maji. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, na maji yakigeuka mvuke huvimba kiasi cha mara 1,700. Tone likifunikwa na madini mazito namna ile halina pa kutokea ila juu, na hutoka na risasi yenyewe. Mchanga wa pwani ni mwongo: juu mweupe, mkavu, kidole kimoja chini umelowa, na chumvi yake huvuta unyevu hata ukiuanika kutwa. Mimi niliuamini nikiwa kijana, pale Deep Sea, Tanga. Kovu liko chini ya jicho la kulia, na wajukuu huliuliza mpaka leo. Achana na mchanga.

Kalibu yako ndiyo njia, ila jirani anakupoteza. Mafuta yakiguswa na risasi ya moto huungua yakawa moshi, na moshi ule ukikosa pa kupita ndio unaofinya sura ya chubwi. Kalibu haitaki mafuta, inataka masizi. Ioshe kwa sabuni, ikaushe motoni, kisha washa kibatari au mshumaa, uipitishe juu ya ule moshi mpaka ndani pawe peusi kwa utando mwembamba. Chubwi itadondoka yenyewe ukigonga.

Makunyanzi mengine huletwa na ubaridi. Weka kalibu kando ya jiko ipate joto kabla hujaanza. Hata hivyo chubwi tano za mwanzo zitakuwa mbaya. Usinung'unike, zirudishe chunguni. Lakini usizitupe tu ndani: ziegeshe kwanza ukingoni zikauke, maana hata jasho la mkono ni maji. Na ukimimina, acha kichuguu kidogo juu ya tundu. Risasi ikiganda hunywea, na bila kichuguu utapata shimo katikati.

Sasa jikoni. Mwanangu, toka humo leo. Sufuria ya alumini hulegea ikikolea moto, nawe umebeba kilo kadhaa za risasi ya maji juu ya miguu yako. Tafuta chungu cha chuma kisichorudi kwenye chakula tena, jiko la mkaa nje, na upepo ukupitie ubavuni. Vaa viatu vya kufunika, si ndala, shati la mikono mirefu na miwani.

Betri nazo ziache kabisa. Ndani ya yale mabamba sehemu kubwa si risasi safi, ni unga wake, uliolowa tindikali. Unga hauyeyuki kirahisi, hupeperuka, hukaa kwenye nguo zako na kwenye mkeka wanapolala watoto. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Huingia mpaka mifupani, na kichwa chake shuleni hakitakuwa kile alichozaliwa nacho. Nenda kwa fundi pancha, muombe vile vizito chakavu vya kubalansi magurudumu. Siku hizi vingine ni vya zinki au chuma. Jaribu kwa kisu, risasi hukatika laini. Ukikosea, usizidishe moto: zinki huyeyuka kwa nyuzi 419, kwa hiyo itaelea, uiopoe kwa upawa.

Ukimaliza, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa kitu chochote cha kula. Tena kile kitabia cha kubana chubwi ndogo kwa meno, kikome.

Ukitaka kujua uzito, jaza kalibu maji kwa bomba la sindano: kila mililita 1 ni gramu 11 za risasi. Halafu ikaushe motoni, nimeshakwambia kwa nini.

Ila kwa huo mwamba wako, mimi nisingetupa risasi huko. Okota plagi chakavu gereji, au jiwe la kawaida, ulifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Likinasa, vuta, uzi unakatika, ndoana na changu wako wanapanda.