Kornyeri ya alminyumu: kwa mnaoanza kuchonga vipande hapa Lubumbashi

Wadogo zangu mnaoingia atelieri mwaka huu, mji wetu umelelewa na shaba, na mafundi wake wamezoea shaba na chuma. Alminyumu wengi wanaijua kwa madirisha na milango tu. Lakini wateja sasa wanaleta kazi za kila aina: kishikio cha kifaa cha kupimia, fremu ya kubebea paneli za sola, egemeo la mota ndogo. Nyingi zinaanzia kwenye kornyeri, ile pau ya umbo la L, kwa sababu kona imeshatoka kiwandani. Hukunji wala huchomelei. Ninachoomba mkishike ni kwamba ubora wa kipande unaamuliwa dukani na kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, kabla mashine haijawashwa.

Tuanze dukani. Kwa kawaida pau huwa na urefu wa mita 6. Usinunue kwa jicho wala kwa maandishi ya risiti. Nenda na kalipa, kile kipimio cha unene, na mizani ya kuning'iniza. Alminyumu ina uzito wa gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: kornyeri ya 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 5 ina uzito wa karibu kilo 1.28 kwa mita, yaani kilo 7.7 kwa pau nzima. Ukiuziwa "ya 5" na mizani ikasoma kilo 6.2, hiyo ni ya milimita 4. Pima unene sehemu tatu au nne za pau, si kwenye ncha peke yake, kisha weka ekeri ya chuma, kipimio cha pembe mraba, kwenye kona. Pembe ikiachia mwanga, tafuta pau nyingine.

Halafu uliza ni alminyumu gani. Namba zinataja aina ya mchanganyiko wake. Ya madirisha mara nyingi ni 6060 au 6063, laini na yenye uso mzuri. Ya kubeba mzigo ni 6061 au 6082. Tofauti si ndogo: 6061 iliyokomazwa kwa hali ya T6 (herufi T na namba yake hutaja namna ilivyokomazwa kwa joto) inavumilia mkazo wa karibu megapaskali 275 kabla haijapinda na kubaki imepinda, wakati 6063 ya hali ya T5 inafikia karibu 145. Muuzaji asipojua, na pau haina maandishi, ihesabu kuwa ni ile laini na uongeze unene. Mabaki ya mafundi wa madirisha ni mali nzuri kwa kujifunzia na kwa vifuniko. Msiyatumie kubeba mota.

Angalieni pia kona ya ndani. Baadhi ya kornyeri zina kona kali, nyingine zina mviringo. Ukitaka kukalisha kipande kingine ndani ya ile yenye mviringo, hakitagusa vizuri mpaka uvunje ukali wa ukingo wake kwa tupa. Jambo dogo hili linafanya fremu nzima ikae upande.

Sasa jiliwa, na hapa nawasihi msiharakishe. Ukibana bawa moja, yaani upande mmoja wa ile L, lile jingine linabaki hewani. Kisu kikiligusa linatetemeka, linapiga kelele, na uso unatoka na mawimbi. Ukibana mabawa yote mawili bila kitu ndani, unaifinya kona, unachonga vizuri kabisa, kisha ukifungua kipande kinarudi kilivyokuwa na kipimo chako kinapotea. Weka pau ya mraba ndani ya kona, iguse mabawa yote mawili, ndipo ubane kwa nguvu ya wastani, meno ya jiliwa yakiwa yamefunikwa na vipande vya alminyumu. Vipimo vyote vichukulie kutoka kwenye migongo ya nje. Ncha za mabawa msiziamini.

Kukata, tumia msumeno. Diski ya kusagia chuma inajaa alminyumu, inapata moto na inaweza kupasuka. Tena vumbi la alminyumu likichanganyika na kutu, cheche ya chuma inatosha kuliwasha, na moto wake ni mkali mno.

Alminyumu inapenda kasi. Kwa visu vya chuma cha kasi (HSS), ukingo wa kisu ukipita mita 60 hadi 100 kwa dakika ni mahali pazuri pa kuanzia. Keekee ya milimita 6 kwa mita 60 inataka mizunguko karibu 3,200 kwa dakika. Fresi, kile kisu cha kuzunguka cha kuchongea, iwe ya meno mawili au matatu; yenye meno manne inaziba haraka. Ukiona alminyumu imeganda kwenye ncha ya kisu, simama uiondoe, maana kuanzia hapo kisu hakikati tena, kinakwaruza. Mafuta ya taa kidogo kwa brashi yanasaidia sana, mbali na cheche.

Usitumie tupa au brashi iliyotoka kwenye shaba bila kuisafisha. Chembe ya shaba ikibaki juu ya alminyumu, msimu wa mvua ukifika inaanza kuila hapo hapo. Na kama pau imepakwa rangi au ina tabaka gumu la kiwandani, kwangua mahali pa waya wa ardhi mpaka uone mng'ao, kisha thibitisha kwa multimita. Tabaka hilo halipitishi umeme.

Mwisho ni hesi, yaani nyuzi za skrubu ndani ya tundu. Kwa M5 (skrubu ya kipenyo cha milimita 5) toboa milimita 4.2, kwa M6 toboa 5. Kwenye bawa la milimita 5, M5 inapata mizunguko sita ya hesi, inatosha kwa kifuniko. M8 inapata minne tu, na kwa mota inayotetemeka hesi hiyo itang'oka. Hapo toboa tundu lipite moja kwa moja, weka boliti, washa pana (visahani vya kutandazia mkazo) pande zote mbili na nati ya kujifunga.