Re: Paka wachanga wanakufa kila nikileta wapya bandani

Salaam dada. Kwa hivyo kila ukiokota paka wachanga Marikiti ukiwaleta hapo kwako Kisauni, wale wa zamani wanaanza kutapika na kuhara, siku mbili tatu wamekufa, na banda unapiga Dettol kila asubuhi. Mi cha kwanza ningeangalia ni chanjo, washadungwa? Maana hiyo yafanana sana na panlukopenia, ugonjwa wa virusi wa paka, na virusi vyake vinakaa ndani ya banda hata mwaka mzima na Dettol haiviwezi, tena hiyo Dettol yenyewe ni sumu kwa paka, wacha kabisa. Osha uchafu na sabuni kwanza, halafu Jiki kikombe kimoja kwa maji vikombe 32, iache dakika 10 ndo usuuze. Magunia na maboksi choma tu, hayasafishiki. Paka wageni watenge siku 14 chumba chao, sahani zao, na uwahudumie mwisho, si mwanzo, wengi wetu twakosea hapo manake ugonjwa unautembeza mwenyewe na viatu. Chanjo yaanza wiki ya 6, wafaa kurudia kila wiki 3 au 4 mpaka wafike wiki 16. Huyo anayetapika leo mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo, usingoje kesho.