Jibu: Luther na Zwingli walikwama kwenye neno "ni"

Ndugu, umeuliza kwa nini wanamatengenezo wa kanisa, Martin Luther wa Ujerumani na Ulrich Zwingli wa Zürich, Uswisi, hawakuungana ilhali wote wawili walishaachana na Papa. Kikwazo kilikuwa Meza ya Bwana, na kilijitokeza wazi katika mjadala wao mjini Marburg, Ujerumani, tarehe 1 hadi 4 Oktoba 1529.

Aliyewaita ni Philip wa Hesse, mtawala aliyetaka Waprotestanti washikamane dhidi ya Kaisari Mkatoliki, Charles wa Tano. Luther aliandika mezani kwa chaki, "Hoc est corpus meum", Kilatini cha maneno ya Yesu "huu ni mwili wangu", akafunika kwa kitambaa. Alipobanwa atoe ushahidi wa Maandiko, akafunua kitambaa na kuonyesha maneno yale. Kwake "ni" ilikuwa ni, basi. Zwingli alishika Yohana 6:63, kwamba mwili haufai kitu. Kwake "ni" hapo ina maana ya "huashiria", kwa sababu mwili wa Kristo uko mbinguni mkono wa kuume wa Baba, hauwezi kuwapo tena juu ya kila madhabahu.

Wengi hudhani walitofautiana kwa kila kitu, na hapo ndipo wanapokosea. Walitia saini hoja 15. Katika 14 walikubaliana kabisa, na hata ya 15 walikubaliana waumini wapewe mkate na divai pia. Kilichobaki ni kama mwili na damu vimo kimwili. Hilo moja lilitosha: Muungano wa Schmalkalden, yaani umoja wa kujilinda wa watawala na miji ya Waprotestanti, ulipoundwa 1531, Zürich haikuwemo, na Oktoba mwaka huohuo Zwingli aliuawa vitani Kappel, Uswisi.