Mdogo wangu wa fizikia, anza na kiumbe kisicho na neva

Wanafunzi wa fizikia wanaonifuata hapa Dar kuomba ushauri wanataka kuchunguza jinsi viumbe hai vinavyochakata taarifa, na karibu wote hukimbilia ubongo. Mimi nawaambia waanze na kiumbe kisicho na hata seli moja ya neva, kwa sababu huko fizikia waliyoisoma inatosha kuwafikisha mbali.

Miaka yangu ya kazi nimeitumia kwa Physarum polycephalum, kiumbe cha manjano kinachotambaa kwenye magogo yaliyooza. Ni seli moja yenye viini vingi mno, nayo huweza kutanda kuliko kiganja chako. Mwaka 2000 Toshiyuki Nakagaki na wenzake walikitandaza kwenye vichochoro vilivyopindana, chakula kikiwa ncha mbili. Kikajiondoa kwingine kote, kikabaki kwenye njia fupi.

Sasa, taarifa inakaa wapi? Mwili wake ni mtandao wa mirija inayobana na kulegea kila baada ya dakika moja au mbili, ute ukienda na kurudi ndani yake. Mwaka 2021 Mirna Kramar na Karen Alim walionyesha kwamba kikipata chakula, mirija ya karibu hupanuka na mingine husinyaa, na alama hiyo hubaki. Kumbukumbu yake, basi, ni upana wa mirija! Fundi bomba angeelewa haraka: kwa shinikizo lilelile, nusu kipenyo ikiwa maradufu, mtiririko huwa mara 16. Bado nikiifikiria husisimka.

Kwa hiyo shika sana hesabu za mtiririko na mawimbi, na ujifunze kuandika programu za kuchambua picha. Ujuzi huo hautakutupa hata ukiishia kwenye picha za hospitali au mitandao ya maji.

Kisha nenda ukakae na watu wa baiolojia, tena kwa unyenyekevu. Wao ndio watakaokuambia kwamba kiumbe hiki kinakimbia mwanga, kinataka unyevu na nyuzi 25 hivi, wakati mchana wa Februari hapa kwetu huzidi 30. Bila sanduku lenye giza na ubaridi, utakuwa unapima mateso yake.

Ukiomba nafasi kwenye maabara ya nje, usijaze barua kwa sifa zako. Ambatisha grafu moja uliyochora mwenyewe kutokana na video ya mirija, pamoja na swali ambalo grafu hiyo haijaweza kulijibu.