Testi imesema mimi mkimya, nikanyimwa kazi ya mauzo

SWALI: Dokta shikamoo. Niliitwa intavyu ya kazi ya mauzo tukapewa testi ya haiba kwenye kompyuta, unaulizwa mfano unapenda kukaa peke yako unajibu ndio au hapana, mwisho nikaambiwa mimi ni aina ya wakimya kwa hiyo mauzo siyawezi. Wiki tatu baadaye nimeifanya ile ile nyumbani ikanitoa mchangamfu! Sasa nishike lipi, na hizi testi zina maana kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana, barua yako imeniuma maana haya nayasikia kila siku.

Ukimya na uchangamfu ni kama urefu wa mtu, hakuna mahali wafupi wanaishia na warefu wanaanza, na watu wengi wapo katikati. Tuseme testi ina maswali 20 na wao wamepiga mstari kwenye 10. Siku ya kwanza umepata 9, nyumbani ukapata 11. Umesogea alama mbili tu, kitu cha kawaida kabisa, hata usingizi mbaya unatosha, lakini jina limegeuka lote kutoka mkimya hadi mchangamfu! Kwa hiyo hujabadilika wewe, kosa ni kukata watu mafungu mawili na kutupa alama zenyewe.

Halafu kuna swali kubwa zaidi ambalo waajiri wengi hawajiulizi, hicho kinachopimwa kinahusiana na kazi yenyewe? Mwaka 2013 mwanasaikolojia Adam Grant wa Marekani alichapisha utafiti wa watu 340 wanaouza bidhaa kwa kupiga simu, na waliouza zaidi walikuwa wale wa katikati, sio wachangamfu kupindukia. Yaani kama kweli alama zako ni kama 9 au 11, wewe ndio hasa wa kutafutwa.

Ila usizichukie testi zote, nakuomba. Bila kipimo tunarudi kwenye kuajiri kwa sura na kujuana, na hapo asiye na ndugu ndani anaumia zaidi. Mwaka 2022 mwanasaikolojia wa kazi Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti za miaka mingi, wakaona kinachotabiri kazi vizuri zaidi ni intavyu iliyopangwa, kila mtu anaulizwa maswali yale yale ya kazi na kupewa alama kwa kigezo kimoja. Hata hiyo ilipata kama 0.42, ambapo 0 ni kubahatisha tu na 1 ndio kutabiri bila kukosea, sasa fikiria mtu anakukataa kwa testi moja ya ndio na hapana.

Waandikie kwa heshima uombe alama zako zenyewe, sio jina la aina, uliza pia kama testi hiyo imewahi kulinganishwa na mauzo halisi ya wafanyakazi wao. Na omba kitu kimoja, wakupe simu na mteja mmoja, uuze wao wakikusikiliza.