Ukipita Mai Mahiu, shuka kanisani ukae

Kwa miaka mingi nililipita kanisa la Waitaliano pale Mai Mahiu nikiwa ndani ya matatu ya Narok. Kila mara nilichokiona ni mnara mdogo, msalaba, kisha kona ya barabara. Siku niliyoshuka kwa mara ya kwanza nilipiga picha tatu, nikachungulia mlangoni, nikaondoka. Dakika tano hazikutimia. Nilifika nyumbani nikiwa sijaona kitu, na nisingependa nawe ulione hivyo.

Kanisa hili lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano. Mwaka uliotangulia, majeshi ya Uingereza yaliyashinda majeshi ya Italia katika Somalia na Ethiopia. Gondar, ngome yao ya mwisho, ilisalimu amri Novemba 1941. Askari kwa maelfu wakaletwa kambini Kenya, na baadhi yao wakapewa kazi ya barabara hii inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Naivasha, ile tunayoiita barabara ya chini. Wakiwa kwenye kazi hiyo ndipo walipojijengea mahali pa kusali. (Wenzao watatu wa kambi ya Nanyuki walitoroka Januari 1943, wakapanda Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao. Kila mtu na namna yake ya kuvumilia kifungo.)

Mara ya pili nilikwenda na mjomba wangu, fundi wa mawe aliyestaafu. Hakuingia ndani. Alilizunguka kwanza nje, polepole, kiganja kikipapasa ukuta.

"Anza na kona," aliniambia. "Ukuta unaweza kumficha fundi. Kona haimfichi."

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo. Simama kwenye kona, funga jicho moja, fuata mstari wa mawe kutoka chini hadi juu kama anayeshika timazi. Kisha angalia viungo: vimelingana, au saruji imejazwa kuziba pengo? Sisi tumezoea mawe ya Ndarugo yanayokatwa kwa mashine, yote sura moja, na mara nyingi tunayapiga plasta tukasahau yalivyo. Jiwe la kuchongwa kwa mkono lina uso wake. Popote utakapokuta tao kwenye jengo la kale, tafuta jiwe la katikati juu kabisa: hilo ndilo linaloyashika mengine, kwa kuwa mawe ya tao husimama kwa kusukumana, na hilo moja likitoka yote hushuka.

Baada ya hapo ndipo uingie. Wenyewe husema linatosha watu 12 tu, na linatajwa kuwa kanisa dogo kuliko yote Kenya. Usilione udogo huo kuwa upungufu. Mnara upo, altare ipo, mabenchi yapo, ila kila kitu kimepunguzwa kwa kadiri moja, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kwenye jengo kubwa kosa la inchi mbili hupotea. Hapa lingekukodolea macho. Mjomba alikaa kwenye benchi karibu nusu saa bila kusema neno. Kila lori lililobadilisha gia nje lilisikika kana kwamba liko mlangoni.

Mateka wenzao waliopelekwa visiwa vya Orkney, Scotland, nao walianza kanisa mwaka 1943, kwa kuunganisha vibanda viwili vya mabati na kuvipamba ndani kwa rangi na saruji. Domenico Chiocchetti, mchoraji wao mkuu, alirudi huko mwaka 1960 kulikarabati. Huwa nayafikiria makanisa haya mawili pamoja: moja kwenye upepo wa bahari ya kaskazini, jingine likitazamana na Mlima Longonot.

Lakini nitasema na hili, kwa sababu wageni wengi hupewa hadithi nusu. Hawa walikuwa askari wa Mussolini, wa jeshi lililoivamia Ethiopia mwaka 1935 na kuwamwagia watu gesi ya sumu. Ukimpeleka mtoto pale, mweleze yote mawili. Atauliza maswali magumu, na umwachie nafasi ayaulize.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Nairobi panda matatu ya Narok, au ya Naivasha inayopita barabara ya chini, na umwambie kondakta mapema kwamba unashuka kanisani, maana kwenye mteremko ule dereva hasimami ghafla. Ukiwa na gari lako, litoe kabisa barabarani. Malori hushuka pale yakiwa na mizigo mizito na breki zilizochoka. Mwezi wa Julai usiende asubuhi na mapema, ukungu hufunika kila kitu. Ukikuta mlango umefungwa, uliza kwa adabu wenyeji walio karibu, na ukiondoka acha chochote cha matunzo. Usiandike jina lako ukutani. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo na iliniuma.

Wakati wa kurudi, usipoteze muda kupunga mkono pale mteremkoni, matatu nyingi hupita zimejaa. Teremka hadi mjini Mai Mahiu, ule chakula cha mchana, kisha upandie stejini.