Helikopta inageuza pua kushoto kila ikinyanyuka: usiiuze, anzia mkiani

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mwenzetu wa Bububu, Unguja, ameuliza kuhusu helikopta yake ndogo ya umeme ya rimoti, aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ni ya mapanga mawili juu, na mkiani ina feni ndogo yenye mota yake. Anasema ikiwa chini ya goti inatulia kiasi, lakini akiipandisha pua inaondoka kushoto na haikomi, halafu mashine nzima inateleza kushoto. Imeshapiga ukuta mara tatu. Wawili wamemwambia aiuze, mmoja kamwambia anunue kichwa kizima kipya, yaani ile sehemu ya juu inayoshika mapanga.

Ndugu yangu, usiuze na usinunue chochote kwanza. Mimi niko Wete, Pemba, nimeanza mchezo huu na mashine kama hiyo hiyo, na maradhi uliyoyaeleza nimekaa nayo wiki mbili nzima kabla sijayajua.

Tuanze na kwa nini mkia una feni. Ukikaa ndani ya mtumbwi ukausukuma mtumbwi wa mwenzako, wako nao unarudi nyuma. Helikopta ni hivyo hivyo: mota ikiyasukuma mapanga kuzungukia upande mmoja, kiwiliwili nacho kinasukumwa kuzungukia upande wa pili. Mashine nyingi za aina yako, ukizitazama kutoka juu, mapanga yanakwenda kama mshale wa saa. Basi kiwiliwili kinataka kwenda kinyume chake, yaani pua kushoto. Feni ya mkiani inatupa upepo kulia, mkia unasukumwa kushoto, pua inabaki mbele. Mpangilio huu ndio ambao mhandisi Igor Sikorsky aliufanyia kazi Marekani kwenye helikopta yake ya VS-300 kuanzia 1939, na helikopta nyingi kubwa unazoziona zinautumia mpaka leo.

Sasa tazama: ile feni inayosukuma mkia kushoto inaisukuma na mashine nzima kushoto kidogo kidogo. Kwa hiyo kule kuteleza kushoto peke yake si maradhi. Helikopta ya namna hii ikisimama hewani vizuri huwa imeegemea kulia kidogo, na wewe ndiye unayeiegemeza kwa kijiti cha kulia cha rimoti. Liache hilo.

Linalonishughulisha ni pua. Umeandika jambo moja ambalo wajibuji wengi wamelipita: chini inatulia, ukiongeza moto, yaani nguvu ya mota, ndipo inaondoka. Hapo ndipo penye jibu. Pua ikigeuka taratibu wakati wote, uwe chini au juu, mtuhumiwa ni jairo, kile kifaa cha ndani kinachohisi mzunguko, au vitufe vya kusawazisha kwenye rimoti. Lakini ikishika chini na ikashindwa juu, maana yake feni ya mkiani imekwisha nguvu kabla ya mapanga makuu. Ukiongeza moto, mapanga yanadai zaidi, mkia hauna zaidi ya kutoa.

Mimi yalinipata hivi. Baada ya kuanguka kwenye mnazi nilibadilisha feni ya mkiani iliyovunjika. Mpya ikaingia vizuri, ikazunguka vizuri, nikaridhika. Kila nikipanda juu ya kiuno, pua kushoto. Nikaamini jairo limekufa. Nikaagiza ubao mzima wa umeme kwa mtu Dar es Salaam, ukaja kwa boti, nikaufunga, hali ni ile ile. Usiku mmoja nimekaa barazani, mpwa wangu kanishikia tochi ya simu, nikaisogeza ile feni karibu na jicho. Vijipanga vyake si bapa. Vina mgongo uliovimba na tumbo lililobonyea, kama kijiko. Tumbo ndilo linalotakiwa litazame upande upepo unakotupwa, yaani kulia. Mimi nilikuwa nimeifunga nyuma mbele, tumbo likatazama kushoto. Feni ya namna hiyo ukiigeuza bado inatupa upepo upande ule ule, ila dhaifu. Ndiyo maana chini inatosha na juu haitoshi. Nilipoivuta pale kwenye mhimili, chini yake nikakuta na uzi wa kijani wa zulia umejizonga mara nyingi mpaka umekuwa kama pete. Nikautoa kwa sindano na kibano. Niligeuza feni, asubuhi mashine ikapanda mpaka usawa wa kichwa na pua haikutikisika.

Kwa hiyo fanya kama hivyo. Chomoa betri. Tazama feni imekaa upande gani. Tafuta uzi, unywele, nyuzinyuzi za mkeka. Izungushe kwa pumzi tu, uipulize: ikiwa nzito kuzunguka, kuna kitu. Kisha zitazame zile nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye mota ya mkia kuja mbele, khasa pale zinapoingia kwenye kiwiliwili. Mashine ikianguka mara tatu, waya unaweza kuwa umekatika ndani ya ganda lake na nje unaonekana mzima. Ukiupinda kidogo na feni ikasita, umeupata. Fundi simu yeyote mwenye mkono mwepesi atakulehemea kwa dakika tano.

Zote zikiwa sawa, mota yenyewe imechoka. Mota ndogo hizi za mkiani hazina umri mrefu, burashi zake za ndani zinalika. Dalili yake: mashine ikiwa baridi inatulia dakika moja au mbili, halafu pua inaanza kwenda, na ukiigusa mota inaunguza. Hapo nunua mota ya mkia peke yake, ni kitu kidogo. Ukiifunga angalia rangi za nyaya zisibadilishane, maana zikibadilishana itazunguka kinyume na mashine itageuka kama pia ya watoto mara tu ikiondoka chini.

Jairo nalo usilisahau, ingawa kwako silidhani. Ukichomeka betri, iweke mashine mahali tambarare na uondoe mkono mpaka taa itulie. Watu wanachomeka wakiwa wameishika mkononi, jairo linajifunza mkono unaotikisika kwamba ndio utulivu, halafu wanalilaumu. Na usichomeke mahali penye upepo wa kuitikisa.

Nije kwenye kichwa. Hukusema kama inatetemeka, lakini baada ya kuta tatu itakuwa inatetemeka. Ilaze ubavu, uitikise kidogo: mapanga yaanguke yenyewe kwa uzito wake. Yakibaki yamesimama, skrubu zimekazwa mno, zilegeze robo. Wageni wote wanazikaza wakidhani ndio usalama, kumbe panga linatakiwa lijitafutie mstari wake likizunguka. Panga lenye ufa au pengo, badilisha mawili kwa pamoja. Kisha bandika kipande cha plasta nyekundu kwenye ncha ya panga moja na nyeusi kwenye la pili, vipande vya ukubwa mmoja, mtu mwingine airushe, nawe simama mbali mita tano utazame kwa ubavu. Ukiona ncha mbili zimepishana, moja juu moja chini, panga moja limepinda. Mhimili mkuu uchomoe uuviringishe juu ya kioo cha meza; ukiwa umepinda utauona mwanga unapita chini yake na kufungwa, unapita na kufungwa.

Kama mashine ikisimama inachora duara polepole, kama mtu anayekoroga uji, angalia ile fimbo yenye vizito viwili juu ya kichwa. Viungo vyake vinatakiwa viwe laini kabisa. Fimbo ya namna hiyo ndiyo iliyoifanya helikopta kubwa ya Bell 47 kutulia hewani katika miaka ya 1940, na kwenye mashine yako kiungo kimoja kikikaza kwa chumvi au mchanga, utulivu wote unapotea. Tone moja la mafuta ya cherahani, ufute, basi. Huku kwetu chumvi ya bahari ni adui wa kila siku. Usiiweke dirishani upande wa pwani, na usiirushe kutoka mchangani hata siku moja. Weka ubao.

Betri. Hizi za lithiamu, seli moja ikijaa ni volti 4.2. Usiruke mpaka mashine ishindwe kunyanyuka. Ukiona inaanza kuwa nzito, au pua inaanza kuvutwa kushoto wakati dakika zote zilizotangulia ilikuwa sawa, shuka. Seli ikishuka chini ya volti 3 imeshaumia. Ipoe kwanza ndipo uichaji, na chaji isizidi uwezo wake kwa saa: betri ya miliampea 500 ichajiwe kwa ampea 0.5. Mimi nachaji juu ya kigae sakafuni, nikiwa macho, si juu ya godoro wala mkeka. Iliyovimba usiitoboe na usijaribu kuiponya. Kama hutaruka wiki nzima, iache kwenye volti 3.8 hivi, mahali penye kivuli. Ndani ya gari lililoegeshwa juani kwetu huku ni jiko.

Sasa kuruka kwenyewe, maana hata mashine ikipona, mikono yako bado.

Chukua chelewa mbili imara kutoka kwenye ufagio, zifunge msalaba chini ya miguu ya helikopta, na kwenye kila ncha chomeka kipande cha ndara kuukuu. Ikiegemea haitapindukia, mapanga hayatagonga sakafu. Zifunge mahali ambapo, ukiishika helikopta kwa vidole viwili chini ya mapanga na kuining'iniza, inakaa sawa, si pua chini wala mkia chini. Betri isogeze mbele au nyuma mpaka ipate hapo.

Betri tano za mwanzo usinyanyue. Iache itambae sakafuni, mkia ukiuelekea kifua chako, ujifunze kuitelezesha mbele, nyuma, kulia, kushoto na kuirudisha. Kisha ukinyanyua, nyanyua kwa uamuzi mpaka kiunoni. Wanaoanza wanaogopa, wanaiweka shubiri moja juu ya sakafu, na hapo ndipo pabaya kuliko pote: upepo wake mwenyewe unagonga chini na kurudi, mashine inateleza kama iko juu ya mpira. Chumbani ni vibaya zaidi kwa sababu na kuta zinaurudisha. Tafuta darasa la skuli siku ya mapumziko, kwa ruhusa, madawati yakasogezwa pembeni.

Macho yawe kwenye pua, si kwenye mkia. Mkia uwe kwako mpaka uweze kumaliza betri nzima bila kutoka nje ya mraba wa mita mbili. Mimi ilinichukua zaidi ya mwezi, kila asubuhi betri mbili. Baadaye ubavu, kulia kisha kushoto. Mwisho kabisa pua ikutazame, ambapo kulia na kushoto vinageuka. Hapo kanuni iliyonisaidia ni kusukuma kijiti upande inakoangukia, kama unaweka mkono chini yake kuidaka.

Na ukiona imekushinda, kata moto wote. Mkono utataka kuongeza, kila mtu mkono wake unataka kuongeza. Mapanga yakigonga ukuta mota ikiwa imezimwa, unavunja panga. Yakigonga mota ikisukuma, unavunja panga, unang'oa meno ya gia na unaunguza mota.

Nje toka baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma, hewa ikiwa imetulia. Kusi ikishavuma usihangaike na mashine nyepesi hii, na kaskazi nayo mchana ni hivyo hivyo. Unguja kaa mbali kabisa na njia za ndege zinazoshuka Kiembe Samaki, na kokote uliko mwambie sheha wako, kiongozi wa mtaa, unafanya nini. Huku Pemba kuna moja zaidi: msimu wa karafuu angalia majamvi. Niliwahi kushusha mashine karibu na jamvi la Bi mmoja jirani, upepo wa mapanga ukazirusha karafuu zake kavu mchangani. Nilipiga magoti nikaziokota moja moja mpaka adhuhuri, na yeye kaokota pamoja nami. Tangu siku hiyo siruki kabla sijaizunguka sehemu yote kwa miguu.

Kesho asubuhi fanya jaribio hili. Betri iliyojaa, mashine imefungwa kwa kamba kwenye ubao mzito, uso na vidole mbali na mapanga. Chukua kijiti kirefu, funga uzi mwepesi kwenye ncha, uusogeze upande wa kulia wa feni ya mkiani, kisha mwenzako aongeze moto taratibu. Uzi unatakiwa upeperuke kwenda nje, na uzidi kunyooka kadiri moto unavyoongezwa. Tuandikie hapa umefanya nini, na utuwekee picha ya feni kwa karibu, tuone tumbo lake limetazama wapi.